Maji Hupandishwa Yakiwa Baridi

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tulifundishwa jambo hilo shuleni, na wengi wetu tulilisahau mpaka siku ya kubeba ndoo. Anayepika bia nyumbani hapati nafasi ya kulisahau. Akitaka kupata lita 38 za bia, kipimo ambacho Wamarekani hukiita galoni 10, lazima aanze na zaidi ya lita 50 za maji, kwa kuwa kimea hunywa sehemu yake na mvuke huondoka na yake. Maji hayo atayapasha moto, atayamimina kwenye kimea, atayachuja yakiwa yamegeuka kuwa togwa ya shayiri, atayachemsha kwa saa nzima pamoja na maua ya hopsi, atayapoza, na mwisho atayatia katika chombo cha kuchachushia. Katika siku moja mzigo uleule huhama chombo hadi chombo, na sehemu kubwa ya safari hiyo huwa wa moto kiasi cha kumbabua mtu ngozi ukimmwagikia mguuni.

Ndiyo maana wapishi wengi wa bia za gereji huko Marekani hujijengea kichanja. Kwetu tunakijua kichanja cha kuanikia vyombo, na kile cha kuwekea mahindi yasifikiwe na panya. Chao ni cha mbao za mbili kwa nne na kina ngazi tatu. Ngazi ya juu hukaa sufuria ya maji moto. Ya katikati hukaa chombo cha kimea, ambamo shayiri iliyooteshwa, ikakaushwa na kuvunjwavunjwa, hulowekwa katika joto la nyuzi 65 hadi 68 kwa muda wa saa moja hivi ili wanga wake ugeuke sukari. Ya chini ni ya sufuria ya kuchemshia. Mpishi hufungua koki ya juu, maji yakateremka kwenye kimea. Akifungua ya katikati, togwa huteremka kwenye sufuria. Hapo hakuna pampu wala mtu anayeinua kitu.

Msomaji asiyekunywa pombe, nao ni wengi, ninamwomba asiniache hapa. Jambo linalonishughulisha limo kwenye mbao.

Ujuzi wa kuuachia uzito uyateremshe maji ni wa zamani kuliko gereji. Katika kijiji cha Hook Norton, Oxfordshire, Uingereza, kipo kiwanda cha bia kilichojengwa kama mnara na kukamilika mwaka 1900. Injini ya mvuke ilikuwa ikipandisha maji mpaka juu, na kuanzia hapo kazi ilishuka orofa kwa orofa hadi bia ikafika chini. Jack McAuliffe, aliyekuwa katika jeshi la majini la Marekani na kuzionja bia za Uskoti alipokuwa kazini huko, alianzisha kiwanda kidogo cha New Albion mjini Sonoma, California, mwaka 1976. Hakuwa na fedha za kununulia mitambo, hivyo aliiunda kwa mikono yake kutokana na mapipa ya chuma, akaipanga kwa kupandana ili uzito wa maji ufanye kazi ya kuyahamisha. Kichanja cha gereji ni mdogo wao.

Lakini ukikitazama kwa utulivu, utajiuliza swali ambalo wasifiaji wake hulipita haraka. Yale maji ya juu yalifikaje juu?

Kuna mtu aliyeyapandisha. Aliyapandisha asubuhi, ndoo baada ya ndoo, amesimama juu ya kigoda, au aliyapeleka kwa mpira wa bomba na kuliachia shirika la maji la mji wake kazi ya kuyasukuma. Kila kilo inayoteremka kwa raha mchana ilipandishwa kwa nguvu ya mtu au ya mtambo fulani kabla ya hapo. Kichanja hakipunguzi kazi ya kuinua hata chembe. Tena, ukipiga hesabu vizuri, ile ya asubuhi kinaiongeza, kwa sababu sasa maji lazima yafike karibu na kimo cha mita mbili, ilhali mpishi asiye na kichanja huishia usawa wa meza.

Kinachofanywa na kichanja ni kuihamisha kazi. Inatoka kwenye saa ya uchovu na kwenda kwenye saa ya nguvu. Uzito unainuliwa ukiwa baridi na haumdhuru mtu ukimponyoka. Ukimwagika, sakafu italowa, basi. Unainuliwa kidogo kidogo, kilo 10 kwa ndoo, wala si kilo 50 za maji yanayotokota kwa mkupuo mmoja. Mzigo ni uleule, lakini sasa unabebwa kwa wakati ambao mwili wa mwanadamu unauweza. Kwangu mimi hii ndiyo maana ya kichanja, na ninaiona ni kubwa kuliko bia inayotoka ndani yake.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tumezoea kuitumia methali hii kumsuta anayedharau taabu ya jirani. Ila yupo mwenzetu mmoja ambaye mzigo wake tunauona mwepesi kuliko mizigo yote, naye ni sisi wenyewe wa baadaye. Tukiwa tumeamka salama na chai tumboni, mtu wa saa kumi jioni tunamtwisha chochote. Atainua. Atavumilia. Atakuwa mwangalifu. Tunamgawia kazi kana kwamba hatachoka, hatatoka jasho machoni, na sakafu iliyo chini ya miguu yake haitakuwa imeloa. Anayejenga kichanja amekataa kumtendea hivyo. Ameketi siku nyingine kabisa, siku isiyo ya kupika, akamfikiria yule mtu aliyechoka, akampunguzia mzigo kabla hajaomba msaada.

Ukitaka kujua fundi alimfikiria kweli au alifikiria tu sura ya kichanja, piga magoti utazame mahali boriti ya ngazi inapokutana na nguzo. Kuna njia mbili za kuziunganisha. Ya haraka ni kuigandamiza boriti ubavuni mwa nguzo na kuifunga kwa skrubu. Ukiiangalia kwa mbele imenyooka na inapendeza, lakini sasa kilo zote 50 za maji zimening'inia kwenye vipande vyembamba vya chuma, na mbao haibebi kitu. Njia ya pili ni kuchonga pengo kwenye nguzo kwa msumeno na patasi ili boriti ikalie humo, au kupigilia kipande kingine cha nguzo chini yake mpaka sakafuni. Hapo uzito unakaa juu ya mbao, mbao inakaa juu ya mbao, na skrubu inabaki na kazi yake halisi ya kuzuia viungo visitengane. Kwa atakayepita mlangoni, vichanja hivi viwili ni sawasawa. Tofauti itaonekana miaka ikipita, mbao ikikauka na kulowa na kukauka tena, na skrubu zikianza kuchezacheza kwenye matundu yake.

Ubao wenyewe nao una siri yake. Mbao ya mbili kwa nne, ikisharandwa, hubaki na inchi moja na nusu kwa tatu na nusu. Ukiulaza ubao huo bapa na kuweka sufuria juu yake, utanepa. Ukiusimamisha kwa ubavu wake mwembamba, ubao uleule, wa mti uleule na bei ileile, unakuwa mgumu zaidi ya mara tano dhidi ya kunepa. Hakuna kilichoongezwa isipokuwa namna ya kuugeuza. Kuna watu nimewahi kufanya nao kazi ambao walionekana dhaifu mpaka walipopangiwa nafasi nyingine, na nikiuona ubao uliosimamishwa vizuri siwezi kuacha kuwakumbuka.

Kisha kuna sakafu. Gereji nyingi za Marekani huinamishwa kidogo kuelekea mlangoni ili maji ya mvua na theluji yanayoletwa na gari yatoke nje. Fundi akizikata nguzo zake nne kwa urefu mmoja, kichanja kitainama pamoja na sakafu. Inabidi alete pima maji, aweke kabari chini ya miguu miwili ya upande wa mlango, na afunge mbao za mshazari mgongoni ili fremu isiyumbe. Na moto hautaki mzaha. Jiko la gesi lililo karibu na mbao halichomi siku ya kwanza. Huikausha mbao pole pole, wiki baada ya wiki, mpaka siku moja inaanza kuwa nyeusi pembeni. Fundi mwenye busara huweka bati na nafasi ya hewa kati ya moto na mbao, au huwasha moto wake chini sakafuni, mbali na kichanja, na kuziachia ngazi za juu vyombo visivyohitaji moto wa gesi. Sioni sababu ya mtu kuharakisha sehemu hii.

Mambo haya yote yanafanywa kwa ajili ya kitu kingine. Hakuna anayejenga kichanja ili awe na kichanja. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle alianza kitabu chake cha maadili kwa kulitazama jambo la namna hii: ufundi wa kutengeneza hatamu uko chini ya ufundi wa kupanda farasi, na ule wa kupanda farasi uko chini ya ufundi wa vita. Malengo ya ufundi ulio juu, alisema, yana thamani kuliko ya ule ulio chini, kwa sababu yale ya chini hufuatwa kwa ajili ya yale ya juu. Kwa mpangilio huo seremala wetu yuko chini kabisa. Mbao ni kwa ajili ya kichanja, kichanja ni kwa ajili ya sufuria, sufuria ni kwa ajili ya bia, bia ni kwa ajili ya wageni wa Jumamosi. Thamani yote inasubiri juu, na huku chini inafika kama makombo.

Nimejaribu kuukubali mpangilio huo, na nimeshindwa. Tuufuate mpaka kileleni tuone kuna nini. Sheria iliyowapa Wamarekani ruhusa ya kupika bia nyumbani, ambayo Rais Jimmy Carter aliitia saini Oktoba 1978, iliruhusu galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima anayeishi peke yake na galoni 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Kabla ya hapo, tangu marufuku ya pombe ilipoondolewa mwaka 1933, divai ya nyumbani ilikuwa halali na bia ikaachwa nje. Majimbo ya Alabama na Mississippi yalichelewa mpaka mwaka 2013. Lakini sharti ni moja: bia hiyo haiuzwi. Ni ya kunywa nyumbani na kuwagawia watu. Kwa hiyo kileleni mwa ngazi za Aristotle hakuna faida ya fedha, na kichanja hakitarudisha hata bei ya mbao zake. Kuna jioni moja ya watu kukaa pamoja, glasi zikaoshwa, wakaenda kulala.

Ninaiheshimu jioni hiyo. Ila kilichoifanya iwe njema ni kwamba mwenyeji aliwajali wageni wake: aliwafikiria kabla hawajaja, akawaandalia kitu ambacho hawakukiomba. Sasa rudi kwenye lile pengo lililochongwa kwenye nguzo. Aliyelichonga alifanya jambo hilohilo. Alimfikiria mtu ambaye hajafika, akamwandalia kitu asichokiomba. Kujali kulikuwa kumekamilika pale, kwenye vumbi la mbao, kabla ya tone la kwanza la maji. Endapo mwenye nyumba angehamia mji mwingine kesho yake na asipike kamwe, lile pengo bado lingekuwa ni tendo jema kwa mtu, wala lisingekuwa hatua iliyokwama njiani.

Simone Weil, Mfaransa aliyeacha ualimu wa falsafa kwa muda na kwenda kufanya kazi viwandani kati ya mwaka 1934 na 1935, aliujua uchovu wa mwili kuliko wanafalsafa wengi. Baada ya kifo chake mwaka 1943, rafiki yake Gustave Thibon alikusanya maandishi yake ya daftarini, akayachapisha mwaka 1947 kwa jina la La Pesanteur et la grâce, yaani Uzito na Neema. Humo uzito ni taswira ya kila kinachoivuta roho chini: kisasi, hofu, tamaa ya kumtwisha mwingine maumivu yako. Neema peke yake ndiyo inayokwenda kinyume chake. Ninamsoma kwa unyenyekevu, na ninamwamini anapozungumza juu ya roho. Lakini mbele ya kichanja ninauona uzito ukiwa na sura nyingine. Uvutano uleule unaotaka kuiangusha sufuria ndio unaoyapeleka maji mahali yanapotakiwa, kimya, bila kuchoka, na kwa kasi ambayo mpishi anaipima kwa kugeuza koki. Haukushindwa wala kukwepwa. Umeandaliwa njia. Naye Weil, katika kitabu chake kingine kilichotoka mwaka 1949, alilalamika kwamba waundaji wa mashine huwa hawaufikirii mwili wa yule atakayezitumia. Nadhani pale magotini, penye boriti na nguzo, angepata kitu cha kumfariji.

Kuna jambo moja linalonisumbua katika sifa zote hizi, na sitalificha. Kilimanjaro, pombe ya mbege hupikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na gome la msesewe hutiwa kuipa uchungu wake. Vyungu na sufuria hukaa chini, usawa wa mafiga. Sufuria ikijaa na ikitakiwa kuhama, hakuna anayetafuta kichanja, anaitwa mtu. Shangazi anashika mshikio huu, mke wa binamu anashika ule, wanahesabu, wananyanyua. Sitaki kuipamba hali hiyo. Kazi ya kupika kwa sehemu kubwa imekuwa ya akina mama, migongo yao ndiyo iliyolipa, na mikono iliyoungua kwa mvuke haiponi kwa sababu tu waliokuwapo walikuwa wengi. Lakini ni kweli kwamba pale mtu wa pili yupo, na uzito ndio uliomleta.

Kichanja cha gereji kinasimama mahali pa mtu huyo wa pili. Kimejengwa kwa ajili ya mtu anayepika peke yake siku ya mapumziko, mlango wa gereji umefunguliwa nusu, majirani wakiwa kila mmoja kwake. Kila ngazi ni mkono ambao haukupatikana. Mbao hazichelewi, hazihitaji kusimuliwa habari, hazitaki kuulizwa watoto wanaendeleaje. Je, huku ni kujali, au ni njia ya kuishi bila kumhitaji mtu? Nimelitafakari sana swali hili, na ninaona ni yote mawili kwa pamoja, na kwamba mbao pekee haziwezi kuamua ni lipi litashinda. Mtu akishapumzishwa mabega, atafanya nini na mabega yaliyopumzika? Mwingine atajifungia zaidi. Mwingine, kwa kuwa sasa haogopi maji moto karibu na watu, atamkaribisha jirani akae kwenye kiti waongee huku kimea kikiiva.

Hata ujenzi wenyewe haukubali upweke moja kwa moja. Nguzo ya kwanza haisimami peke yake. Ipo dakika ambayo mmoja lazima aishike wima huku mwingine anafunga boliti, na mafundi wanaojitosheleza kwa vibanio na kamba wanajua jinsi kazi hiyo inavyokuwa ndefu ukiwa peke yako.

Na kichanja kina mahali kinapoishia. Kwa sufuria zenye kimo cha sentimita 40 hivi, ngazi ya chini ikiwa sentimita 60 kutoka sakafuni, ya katikati itakuwa 110 na ya juu 160. Hapo mdomo wa sufuria ya juu umefika mita mbili, na huwezi kwenda juu zaidi bila kukaribia dari na bila kuhatarisha maisha. Chini nako, togwa iliyopozwa ikishateremka kwenye chombo cha kuchachushia, uvutano umemaliza kazi yake. Chombo kiko sakafuni. Sasa lazima kipelekwe mahali penye giza na ubaridi wa nyuzi 18 hadi 20, mara nyingi chini ya ngazi za nyumba, kikae wiki mbili hivi hamira ifanye kazi yake. Hata nusu tu ya zile galoni 10 ni lita 19, na pamoja na chombo chake ni zaidi ya kilo 20. Wengine hutumia chupa kubwa za kioo, na chupa hizo zikiloa huteleza. Wapo waliokatwa mikono vibaya zilipowavunjikia. Kwa mzigo huu wa mwisho, kichanja hakina msaada wowote.

Watu huuza magurudumu, mikanda na mashine za kuinulia kwa ajili ya kipande hiki cha njia. Mimi, kama ni changu, ningefanya vingine. Kwenye mabaki ya zile mbao za mbili kwa nne ningeunda kreti ya kuingiza chombo cha kuchachushia, yenye kitako kinene na mshikio kila upande. Mishikio hiyo ningeiacha mirefu na iliyotengana kiasi kwamba mikono ya mtu mmoja haiwezi kuifikia yote. Kila upande ungekuwa na kilo 12 au 13 za kubeba, mzigo ambao hata mzee anaumudu kwenye ngazi chache. Na asubuhi, kabla ya kupandisha ndoo ya kwanza ya maji baridi, ingenibidi kwanza nivuke barabara nikabishe hodi kwa jirani, nimuulize kama saa kumi jioni atakuwapo.